Msichana wa Sabuni

Kila apitaye Rodi Kopany aghalabu anakwenda mahali pengine. Wa Homa Bay huteremka kuelekea ziwani, wa Rongo hupanda kuifuata barabara kuu iendayo Kisii na Migori, na wa Ndhiwa hukata kona hapa penye njia panda, akapishana na matrekta yaliyosheheni miwa, akaenda zake. Wala hakuna hata mmoja wao ambaye, akiulizwa safari yake, hulitaja jina la soko letu, ingawa ni hapa aliposhukia, hapa aliponunua maji na ndizi, na hapa alipoonyeshwa gari la kupanda. Nimekaa katika njia panda hii miaka mingi, nikafundisha hata nikastaafu, na hali hiyo sina manung'uniko nayo. Naitaja kwa kuwa ndiyo iliyonipa jicho la kutazamia jambo ninalokusudia kulinena leo, yaani hadhi ya mtu asimamaye pembeni, na hasa mwanamke ambaye kusimama pembeni mbele ya kamera ndiyo kazi aliyoitafutia elimu na inayompa riziki.

Katika vibanda vya video ambamo kizazi chetu kilijifunza kutazama filamu za kigeni, mtazamaji aliyechelewa alikuwa na swali moja: nani steringi? Akishaonyeshwa, moyo wake ulitulia, kwa sababu alijua, kama tulivyojua sote, kwamba steringi hafi. Baada ya steringi alikuwako adui, na baada ya adui walikuwako watu tu: mama aliyempa steringi hifadhi usiku wa mvua, yaya aliyemlea, mpishi aliyesikia siri mlangoni, mjane aliyelia mara moja asionekane tena. Hao hatukuwauliza majina. Na majina yao yalipoanza kupanda polepole katika kioo mwishoni mwa filamu, mwenye kibanda alikuwa amekwisha kuzima mashine ili watoke waliomo waingie walio nje.

Hollywood, ambayo ndiyo iliyotuzoesha kumtafuta steringi, yenyewe haijapata kusimama siku moja bila ya hao watu tu, na wenye kazi yao huwaweka katika fungu mahsusi: waigizaji ambao riziki yao haitegemei uzuri wa sura wala ukubwa wa jina, ila ustadi wa kuvaa hulka ya mtu mwingine, leo mpishi, kesho mmbeya wa mtaa, keshokutwa muuguzi, hata mtazamaji akawakumbuka mpishi na mmbeya na muuguzi asitambue kuwa wote watatu ni mtu mmoja. Haki yao ilichelewa kutambuliwa. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi ilianza kutolewa mwaka 1937, ambapo kwa upande wa wanawake ilimwendea Gale Sondergaard, na katika miaka ile ya mwanzo mshindi wa fungu hilo hakukabidhiwa sanamu kamili kama mshindi wa nafasi kuu, alipewa kibao. Aliyeufanya upembeni kuwa ufalme alikuwa Thelma Ritter, mzaliwa wa Brooklyn wa mwaka 1902, ambaye aliingia katika filamu mwaka 1947 kama mama aliyechoka anayemtafutia mwanawe gari la kuchezea dukani, kwa dakika chache zisizotosha hata jina lake kuandikwa, kisha kati ya filamu za mwaka 1950 na 1962 akateuliwa kuwania tuzo hiyo mara sita, asiipate hata mara moja. Alipofariki mwaka 1969 alikuwa hajapata kuwa steringi, na pamoja na hayo filamu alizopitia hukumbukwa kwa ajili yake.

Sasa nifike nyumbani. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, wakati huko Los Angeles ilikuwa bado ni jioni ya Jumapili, redio zilitangaza kuwa Lupita Nyong'o ameshinda Oscar, na kabla ya jua kuchomoza waendesha bodaboda wa njia panda yetu walikuwa wakipiga honi na kupaza sauti, "Nyathiwa oloyo!", mtoto wetu ameshinda. Kwao hasa ni Seme, upande wa Kisumu, ng'ambo ya ghuba ya Winam, na alizaliwa mbali zaidi, katika jiji la Mexico, tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akiishi na kufundisha huko. Ndiyo maana akaitwa Lupita, kifupisho cha Guadalupe. Lakini ana pia jina la Amondi, ambalo Wajaluo humpa mtoto wa kike azaliwaye kabla ya mapambazuko, na kwa kuwa habari zake zilitufikia saa ile ile, wazee wa hapa waliona kama jina limerudi kudai haki yake.

Katika furaha ile, hata hivyo, lilipotea jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini cha habari yote. Tulimshangilia kama steringi, ilhali tuzo aliyoipata ilikuwa ya mwigizaji msaidizi. Steringi wa filamu ya *12 Years a Slave*, iliyoongozwa na Steve McQueen na kutolewa mwaka 2013, ni Chiwetel Ejiofor katika nafasi ya Solomon Northup. Patsey, ambaye ndiye Lupita, haonekani mpaka hadithi imekwenda mbali, na kila aonekanapo macho ya hadithi huwa kwa Solomon. Na katika ukumbi ule ule, miongoni mwa wanawake wanne alioshindana nao, aliketi bibi wa miaka 84, June Squibb, aliyekuwa amelitumikia jukwaa tangu ujana wake na ambaye hakuingia katika filamu mpaka mwaka 1990, alipokuwa na umri wa miaka 60 hivi, kisha akashika nafasi ndogo ndogo za wake, mama na majirani. Binti wa miaka 31, aliyetoka shuleni juzi na ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa, na bibi huyo, walikuwa wamekaa katika daraja moja, wakipimwa kwa mizani moja. Nayo mizani hiyo haikuuliza nani aliyeonekana zaidi, iliuliza nani aliyetufanya tumwamini mtu asiyekuwapo.

Patsey alikuwako. Solomon Northup, mtu huru wa jimbo la New York ambaye alitekwa mwaka 1841 akauzwa utumwani Louisiana, alimweleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1853, mwaka ule ule aliorudishiwa uhuru wake: msichana mwenye vidole vyepesi kuliko watumwa wote wa shamba la Edwin Epps, aliyeweza kuchuma ratili 500 za pamba kwa siku, bwana akimwingilia kwa nguvu, na mke wa bwana akimlipiza yeye kosa la mumewe. Mtu wa kurasa chache katika kitabu cha mtu mwingine. Mwigizaji apewapo mtu wa namna hiyo ana vishawishi viwili vya kumharibu: kumlilia mno, hata akawa alama ya mateso isiyo na nafsi, au kumtukuza mno, hata akawa shujaa ambaye historia haikumjua. Lupita alifuata njia nyembamba iliyo katikati. Yuko pale, katika onyesho ambalo wengi hawalikumbuki, ameketi nyasini peke yake, akisokota maganda ya mahindi kuwa wanasesere. Hasemi neno, wala hadithi haiendi mbele hata hatua moja. Ila mikono ile inatwambia kuwa ndani ya mwili ule unaoteswa yumo bado mtoto aliyenyimwa mchezo, na sisi tuliokulia katika mashamba ya mahindi, ambao dada zetu walifanya wanasesere kwa maganda yale yale, hatukuhitaji mkalimani.

Kisha lipo onyesho la sabuni. Siku ya Jumapili Patsey ameondoka shambani, na bwana, akirukwa na akili kwa wivu, anamtafuta. Anaporudi anafumbua kiganja, na ndani yake mna kipande cha sabuni alichokwenda kukiomba kwa jirani, kwa sababu bibi wa nyumba amemnyima, na yeye achumaye pamba kuwashinda wanaume hataki zaidi ya kuoga akaondokewa na harufu ya jasho lake. Kwa ajili ya kipande hicho anafungwa kwenye nguzo na kuchapwa. Nimetazama filamu nyingi zenye majeshi na mabomu ambazo sikumbuki leo ziliishaje. Kiganja kile kinachofumbuka nakikumbuka, na kila nikikiwaza natambua kuwa hapo steringi mwenyewe alikuwa amesimama kando, na filamu nzima imeinama kumsikiliza mtu wa pembeni.

Ustadi huo haukushuka kutoka mbinguni. Akiwa na umri wa miaka 14 alicheza Juliet na kundi la Phoenix Players la Nairobi, na hapo lau angalikuwa mtu wa kupenda kuonekana angalishikilia njia ya steringi tangu siku ile. Badala yake alikwenda kukaa nyuma ya kamera. Filamu ya *The Constant Gardener* ilipopigwa Kenya, ikatoka mwaka 2005, alikuwa miongoni mwa wahudumu wa kutumwa huku na huko. Na amesimulia mwenyewe jinsi Ralph Fiennes, aliyekuwa steringi wa filamu hiyo, alivyomwonya kuwa kazi hii asiishike ila akiona kwamba bila ya hiyo hawezi kuishi. Mwaka 2009 aliongoza filamu ya hali halisi, *In My Genes*, juu ya Wakenya wenye ualbino, ambamo yeye ndiye msikilizaji na wengine ndio wasemaji. Kisha akaenda katika chuo cha maigizo cha Yale, akahitimu mwaka 2012. Ukiipima safari hiyo utaona kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa ni ya kubeba, kutazama na kusikiliza, nayo ndiyo elimu ya mwigizaji wa hulka popote alipo, kwani hawezi kumvaa mtu asiyepata kumsikiliza.

Natambua kuwa hapa msomaji makini atanisimamisha, na ana haki. Atasema: Mwalimu, unatusifia upembeni, ilhali upembeni ndio mahali tulipotupwa! Mtu mweusi katika sinema za wazungu amekuwa mtumishi, mtumwa na mbeba mizigo karne nzima. Leo waja kutwambia kuwa hiyo ni heshima? Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake halipatikani ila kwa kumkumbuka mwanamke aliyelibeba kabla ya Lupita kwa miaka 74.

Hattie McDaniel alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, mwaka 1893, mtoto wa wazazi waliokuwa wamepata kuwa watumwa. Alikuwa mwimbaji na mchekeshaji kabla ya kuingia Hollywood, na Hollywood haikumwonyesha ila mlango wa jikoni. Mwaka 1939 alicheza Mammy, mtumishi wa nyumba katika *Gone with the Wind*, na filamu hiyo ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba, yeye hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa sheria za ubaguzi za mji ule hazikumruhusu kuketi na wenzake. Usiku wa Oscar, tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador, ambayo kwa desturi yake haikupokea weusi na ilibidi aombewe ruhusa maalumu, aliketi katika meza ndogo ukutani, mbali na meza ya wenzake wa filamu ile ile. Akaitwa, akaenda mbele, akapokea kile kibao cha mwigizaji msaidizi, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, kisha akarudi katika meza yake ya ukutani. Baada ya hapo walimletea nini? Walimletea watumishi wengine. Alipofariki mwaka 1952 alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood, na huko pia akakataliwa. Kibao chake, alichokiachia Chuo Kikuu cha Howard, kilipotea, na mpaka mwaka 2023 ndipo wenye tuzo walipokipa chuo hicho kingine mahali pake.

Kati ya Hattie na mwanamke mweusi wa pili kupata tuzo hiyo, Whoopi Goldberg, ilipita miaka 51. Lupita alikuwa wa 6. Jambo ninalolisoma katika maisha ya Hattie ni hili, kwamba hakukosea kuicheza nafasi ya mtumishi, na aliicheza kwa akili na adhama hata mabwana zake wa hadithi wakaonekana watoto mbele yake. Walikosea waliomfungia nafasi nyingine zote. Ugomvi wetu basi usiwe na udogo wa nafasi. Uwe na mlango uliofungwa. Mtu akisimama pembeni hali anaweza kusimama katikati, ametoa zawadi; na akisimama pembeni kwa kuwa katikati amezuiliwa, amedhulumiwa, hata kama anapigiwa makofi na kupewa kibao.

Kwa kipimo hicho ndipo yaliyofuata baada ya mwaka 2014 yanapokuwa na uzito kuliko tuzo yenyewe. Lupita amesimulia hadharani kuwa baada ya ushindi aliletewa nafasi nyingine za watumwa, safari hii katika jahazi la watumwa. Yaani Hollywood ilitaka kumtendea kama ilivyomtendea Hattie. Lakini zama zilikuwa zimebadilika kiasi cha kumwezesha kukataa, naye alikataa. Na alipopata uhuru wa kuchagua, tazama alichokichagua. Katika *Star Wars* ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, ajuza wa umri wa zaidi ya miaka 1000, ambaye sura yake ilichorwa kwa kompyuta na mwili wa Lupita hauonekani hata ukucha. Ni ajabu iliyoje kwa mwanamke ambaye majarida ya dunia yalikuwa yakigombania uso wake! Mwaka ule ule, filamu zikimngoja, alikwenda jukwaani New York kucheza *Eclipsed*, tamthilia ya Danai Gurira juu ya wanawake watano katika vita vya Liberia, ambamo mhusika wake hana jina, huitwa Msichana tu. Kisha akaja kwetu, Afrika Mashariki. Katika *Queen of Katwe* ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 2016, steringi ni Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa amepata kucheza filamu, katika nafasi ya Phiona Mutesi, bingwa wa sataranji. Na mwenye Oscar akawa mama yake, Nakku Harriet, mjane muuza mahindi, mkali, mwenye hofu, asiyeuelewa mchezo unaomchukua mwanawe. Yule aliyepewa kilele akateremka kuwa ngazi ya mtoto wa Katwe. Hata miaka ya karibuni, katika *The Wild Robot* ya mwaka 2024, ametoa sauti tu, tena sauti ya mashine iliyojifunza kulea.

Sheikh Shaaban Robert, alipouandika wasifu wa Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba ambaye sauti yake ilimfikisha mpaka Bombay kurekodi santuri, alitufundisha kuwa maisha ya msanii mwanamke yanastahili nathari yenye taadhima. Nami ningependa taadhima hiyo isiishie kwa wale waliofika ng'ambo, kwani ustadi ninaousifu hapa ulikuwako katika vijiji vyetu kabla ya kamera. Katika *siwindhe*, nyumba ya ajuza ambamo watoto wa Kijaluo walilala na kufundwa, *pim* aliyewalea alisimulia ngano usiku, na katika ngano moja alikuwa fisi, sungura, bibi harusi na zimwi, akabadili koo na mabega kwa kila mmoja, wala asiwe yeye mwenyewe hata kwa dakika moja. Watoto walilala wakimwogopa fisi, na asubuhi wakaomba uji kwa bibi yule yule bila ya kumhusisha na fisi wa jana. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo ambayo mwigizaji aweza kuipata.

Na televisheni ilipoingia, tulikuwa na wetu. Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu, na Mary Khavere, ambaye ni Mluhya, walituletea katika *Vitimbi* Mzee Ojwang na Mama Kayai, na huku kwetu tuliapa kwa mbingu na ardhi kuwa hawa ni Wajaluo halisi, pengine wa Karachuonyo, pengine wa Alego, mpaka magazeti yalipotutoa gizani. Sidede Onyulo alikuwa Owuor, mpishi katika filamu ya Kijerumani *Nowhere in Africa*, iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Nafasi ya mpishi tena, lakini mpishi ambaye familia ya wakimbizi wa Kiyahudi, na hasa mtoto wao, waliijulia nchi hii kupitia kwake. Onyulo alifariki mwaka 2008, na vijana ninaowauliza hapa sokoni hawamjui. Mzee Ojwang alifariki mwaka 2015, baada ya miaka ya mwisho ambamo macho yalimwia mazito na wasamaria wakamchangia matibabu. Taifa zima lilicheka kwa mdomo wake, na alipougua likapitisha kofia.

Hapo ndipo maoni yangu yanapotaka kuwa zaidi ya sifa. Tuna desturi, kila Lupita anaposhinda, ya kutangaza kuwa sanaa inalipa na kuwahimiza vijana wote wawe Lupita. Ni sawa na kumwambia kila msafiri wa njia panda hii kwamba atafika ikulu. Vijana ninaowaona katika mashindano ya maigizo ya shule, ambao kila mwaka hutoka katika madarasa ya hapa wakatembea na vipaji vyao hadi jukwaa la taifa, wengi hawatakuwa steringi, na hawahitaji kuwa. Wanahitaji ukumbi katika kaunti yao, wenye paa na taa, ambamo wataendelea kucheza baada ya kidato cha nne. Wanahitaji mkataba ulioandikwa kabla ya kamera kuwashwa, hata kwa nafasi ya siku moja. Sheria yetu ya hakimiliki, ya mwaka 2001, inamtambua mwigizaji kuwa ana haki katika kazi yake. Basi yule mama aliyecheza jirani miaka 20 iliyopita, akirudiwa kuonyeshwa leo, na apate cha kununulia dawa. Na sisi watazamaji tuna wajibu wetu, mwepesi kuliko wote: majina yanapopanda mwishoni, mashine tusiizime.

Nitamalizia kwa jambo dogo nililolishuhudia. Miezi kadhaa baada ya honi zile za alfajiri, jirani yangu mwenye duka alipata nakala ya filamu, akaitundika televisheni yake mlangoni, na sisi watu wa karibu tukakusanyika jioni kumtazama mtoto wetu. Vijana walikuwa na adabu. Palipokuwa na mambo yasiyotazamwa mbele ya wakubwa walipeleka mbele, na palipokuwa na Kiingereza kingi walifasiri kwa Kijaluo. Miongoni mwetu alikuwako bibi mmoja mkongwe, muuza omena, ambaye sote humwita Dani, kama tuwaitavyo nyanya zetu huku. Hakusema neno tangu mwanzo hata mwisho. Solomon alipopanda gari la farasi kuelekea uhuru wake, na Patsey akaachwa nyuma shambani, kama anavyoachwa katika kitabu, vijana walishangilia kuwa steringi amepona. Dani alinigeukia.

"Mwalimu, na yule msichana wa sabuni?"

Nikamwambia asiwe na hofu, Dani. Yule ni binti wa Anyang' Nyong'o, yu salama salimini, anaishi Marekani, na ndiye aliyepata ile tuzo tuliyopigiwa honi.

Alinitazama kama mtu aliyeuliza njia ya Ndhiwa akaonyeshwa ya Rongo.

"Wa Nyong'o namjua," akasema. "Huyo sikumuuliza. Nimemuuliza yule wa sabuni. Alirudi mtu kumchukua?"

Sikuwa na la kumjibu. Mwenye duka alikuwa ameshanyanyua mkono kuzima televisheni, na majina yalikuwa yakipanda. Nikamwomba angoje kidogo, nikaketi tena karibu na Dani, tukayatazama yote mpaka kioo kikawa cheusi.